Maiti Sebuleni kwa Lenore

Orville Maddox, mpelelezi wa kukodiwa, alikutana na Lenore Fiske katika foleni ya tramu jijini Los Angeles, mwaka 1947, alipolimwagia kahawa gauni lake la kijani.

"Mpelelezi mzima, na mtu aliye mbele yako humwoni!" Lenore akacheka.

Miezi mitatu baadaye Orville alimnunulia pete ya uchumba. Jumapili, baada ya ibada, akaipeleka nyumbani kwake. Kabla ya kubisha alichungulia dirishani. Mwanamume alikuwa chali sakafuni, shati limelowa damu, na Lenore kamwinamia, viganja vimelowa pia.

Mwingine angegonga mlango. Orville, ambaye kazi ilimzoesha kumshuku kila mrembo, alikimbilia simu ya dukani.

Polisi walikuja watatu. Majirani wakajaa uani. Sajini akachovya kidole katika ile damu, akanusa, akalamba.

"Chokoleti," akasema.

Lenore aliwapamba waigizaji studio, na siku hiyo alikuwa akifanya mazoezi nyumbani; katika filamu za rangi nyeusi na nyeupe damu ni sharubati ya chokoleti. Orville aliijua kazi hiyo vizuri sana, ila pale dirishani aliisahau.

Maiti akaketi. "Dada, huyu ndiye shemeji?"

"Alikuwa," Lenore akamjibu kaka yake.

Orville alitamani ardhi immeze.

Juma zima hakupita mtaa ule. Alipiga magoti akaomba, si arudiwe, bali apewe ujasiri wa kutazamwa usoni. Kisha akapiga simu.

"Lenore, mpenzi..."

"Uliniita muuaji kabla hata ya kubisha hodi."

"Ndiyo. Nilikukosea."



"Kesho saa nane mchana. Vaa shati jeupe."

Siku ya pili Lenore akamlaza uani kwake mbele ya majirani wote, akammiminia chokoleti kifuani. Nzi wakaja. Masikio ya Orville yaliwaka kwa aibu, ila hakujitikisa.

"Kufa vizuri, bwana! Usipepese macho."

"Leo tuwaite tena polisi?" jirani mmoja, Bibi Gundersen, akauliza toka ghorofani, na uani kote wakaangua kicheko.

"Bado. Kwanza tumpekue marehemu." Lenore akatia vidole katika mfuko wa shati, akatoa pete inayonata. "Hii ya nani?"

"Yako. Ukinisamehe."

Akaifuta kwa tai ya Orville, akaivaa.

"Lakini mlangoni kwangu, hodi kwanza."

Orville, angali chali, akagonga saruji mara tatu.

"Karibu," Lenore akasema.