Tundu la Kumi na Tatu

Asubuhi hiyo karakanani Fundi Kompyuta alirefusha kitanda kwenye mchoro wa kompyuta kwa sentimita kumi tu, na mchoro ukarudi na matundu ya bolti kumi na matatu. Yeye alikuwa amechora kumi na mawili. Alihesabu tena kwa kidole juu ya kioo, kama mtoto wa chekechea. Lile la ziada lilikuwa kwenye ubao wa kichwani, na chumba kizima kilinuka dawa ya kuchua magoti.

Dawa ile aliitumia mtu mmoja tu, Mzee Rula, aliyemfundisha kazi. Naye alishazikwa.

Mzee alikuwa na sharti moja: kila tundu lishikizwe kwenye fremu ya msingi, kamwe lisishikizwe kwenye pambo, ili ukibadili kipimo kimoja vingine vifuate kwa adabu. Fundi, kwa haraka zake, alishikiza matundu ya bolti kwenye pambo. Mteja akataka vitanda virefu, matundu yakahamia ukingoni mwa chuma, vitanda vikakatika. Meneja alipouliza nani kachora, Fundi akasema ni Mzee. Mzee alimtazama, akachukua rula yake, akatoka, asirudi tena kazini. Miezi miwili tu, akafariki. Msibani Fundi alilia kuliko wafiwa, mtu mzima hovyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi simtetei.

Sasa alifuta lile tundu, likarudi. Akaujenga mchoro wote upya, kila kitu juu ya msingi kama alivyofundishwa, akarefusha, akapunguza, akapanua, na vyote vikatulia mahali pake isipokuwa lile tundu, lililokuwa likifunguka taratibu kila alipopepesa macho, huku nyuma ya kiti chake, kiti kilichokuwa cha Mzee, rula ikigonga meza, ta, ta, ta, na hakuna aliyeishika.

Wenzake nao waliisikia harufu. Meneja akamleta mtabibu wa majini, mama mmoja wa maneno machache. Alikaa, akanusa, akasema kwamba jini limeingia kwa mlango wa uongo, kwamba humu kuna mtu aliyesingiziwa, na anayejua akisema, litaondoka. Aibu ikampanda Fundi mpaka masikioni. Ukweli ulikuwa umefika kwenye ulimi. Akamwangalia meneja, akawaangalia wenzake, akameza mate na kusema yeye hajui lolote.

Mtabibu akakunja kitambaa chake. “Basi mimi sina kazi hapa. Jini hili halikai kwenye kompyuta.”

Mchana huo Fundi alirudi nyumbani mapema. Binti yake wa miaka minne alikuwa amelala kwenye kitanda ambacho baba mtu alikitengeneza kwa mchoro ule ule. Chumba kilinuka dawa ya kuchua. Kidole cha mtoto kilikuwa ndani ya ubao wa kichwani, kwenye tundu ambalo jana halikuwepo.

“Baba,” alinong’ona, “babu wa magoti anasema umwambie mama ulichomfanyia yeye babu. Ukisema, ataniachia.”

Mkewe alisimama mlangoni na nguo mbichi mkononi. Akauliza kwa sauti ndogo, babu gani huyo?

Fundi alimtazama mkewe, mwanamke aliyewapikia wafiwa wa Mzee siku tatu na kumwita mumewe mtu mwema. Uso ukamwaka kwa haya.

“Anaota tu,” alisema.

Ndani ya ubao rula iligonga mara moja. Mtoto akaanza kulia, akivuta kidole.

“Baba, kinabana.”