Chemchemi Iliyogeuka Springi

Kila asubuhi kabla ya shule, Eunike alishuka na ndoo hadi kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba lao la migomba, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Tangu mvua zibomoe ukingo wake, maji yalitoka na tope, na watoto wengi kijijini walikuwa wakiharisha.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Gerson, alimkumbuka Hans, fundi Mjerumani asiyejua Kiingereza, aliyewahi kukaa kijijini kwao na kumwachia Eunike kamusi ya Kiingereza na Kijerumani. Kwa kuwa Eunike alizoea kujigamba kwamba Kijerumani anakiweza, akaambiwa amwandikie Hans kuomba ushauri. Alijua chemchemi kwa Kiingereza ni "spring". Akafungua kamusi, akachukua neno la kwanza aliloliona, "Feder", kisha akamtumia Hans ujumbe kwa simu ya Mzee.

Jibu lilipofika, Eunike alitafuta maneno yake mojamoja. Hans alikuwa akiuliza springi hiyo ni ya gari gani.

"Anasemaje?" Mzee aliuliza.

"Anasema atafikiri," Eunike alidanganya.

Siku mbili baadaye mdogo wake, Bariki, alihara mpaka akalazwa zahanati. Eunike akamfuata Mzee Gerson shambani, akamkuta akipogoa mibuni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Bariki anaendeleaje?"

"Amepata nafuu. Babu, nilikudanganya." Akamweleza yote, macho yakiwa chini.

Mzee akamtuma akalete kamusi. Wakasoma pamoja hadi mwisho wa mstari. Neno lile moja la Kiingereza lilikuwa na maneno matatu ya Kijerumani: "Feder" ni springi ya chuma, "Frühling" ni majira yanayofuata baridi, na "Quelle" ni mahali maji yanapobubujika.

Eunike akaandika upya, akaambatanisha picha ya chemchemi. Jioni ile Hans alituma mchoro wa ukingo wa mawe na bomba. Wanakijiji walijenga kwa wiki mbili, na maji yakatoka maangavu.

"Kukosea neno si kosa kubwa, hata mimi ningekosea," Mzee Gerson alimwambia siku ya kufungua bomba. "Kilichotuumiza ni zile siku mbili ulizonificha ukweli. Siku nyingine soma maana zote ndipo uchague. Na ukikosea, njoo useme siku ileile."