Mkono wa Kaka na Daftari la Viti

Nilimwona kaka yangu wa tumbo moja akinyoosha mkono kunimaliza…

Msianze kunipa pole. Someni kwanza.

Nilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi wa halmashauri, magongo yangu yamelala chini ya benchi. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono kufungwa kwa chumba cha viti pale sokoni. Mikono ikapanda. Wa kaka ulikuwa wa tatu.

Kaka! Diwani niliyempigia pasi mashati ya kampeni!

Chumba chenyewe kilikuwa mlangoni mwa soko. Viti vya magurudumu vinne, vya betri vitatu. Ukifika na miguu mibovu kama yangu, unaazima kiti, unazunguka soko zima, unarudisha. Halmashauri ndiyo iliyogharamia.

Kabla yake nilikuwa natuma watu. Na ukituma mtu nyanya, unakula alizochagua yeye. Miaka sita nilikula nyanya zilizobonyea nikasema asante.

Siku ya kwanza kwenye kiti cha betri nilibishana na muuza vitunguu mpaka akanifukuza. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu. Kufukuzwa kama mteja yeyote, mnajua utamu wake?

Na aliyekuwa akinishusha pale kwa gari kila Jumamosi ni huyo huyo kaka.

Kikao kilipoisha nilimvizia kwenye ngazi za ukumbi.

"Umeniuza."

"Mdogo wangu, nenda kaangalie daftari la pale chumbani. Halafu uje unitukane."

Sikungoja. Nilimtukana palepale, nikamwambia mama angekuwa hai angemkana. Gongo langu likaanguka. Akaliokota, akanipa, akaondoka.

Sasa hilo daftari… hapa ndipo penye aibu yangu.

Ilikuwa lazima kila anayeazima kiti asaini. Lakini juu ya kila ukurasa walichapa: JINA LA MLEMAVU. Nilipolisoma neno hilo siku ile ya kwanza, chumba kilipofunguliwa, moyo uliniuma. Nikamwambia Mama Funguo, mwanamke aliyetunza chumba, kwamba sisaini. Muuza nyama hanisainishi, yeye ananisainisha kwa nini?

Sikuishia hapo. Nikageukia foleni nikawahutubia kwamba tusijiandikishe kama wafungwa. Fundi saa, mzee wa mguu mmoja, akanipigia makofi. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa kalamu. Mama Funguo ana roho laini, akatuachia. Nami nikajiona shujaa, kichwa kimevimba.

Basi nikaenda kuliangalia. Mama Funguo alikuwa anafuta viti vumbi. Akaniwekea daftari mapajani.

Ukurasa wa kwanza, jina langu. Wa pili, jina langu. Jumamosi baada ya Jumamosi, mwaka mzima, jina moja tu. Na mwandiko ni wa kaka. Ningeujua hata gizani, ndiye aliyeniandikia barua za ruhusa shuleni.

"Ukishaingia sokoni alikuwa anarudi kukuandika," Mama Funguo akasema. "Alisema asiyeandikwa hahesabiwi."

"Na wengine?"

"Hakujua kama uliwakataza. Nilikufichia."

Jamani…

Halmashauri walipoagiza daftari lipelekwe kwao, walikuta mteja mmoja. Dada wa diwani. Wakamuuliza kaka mbele ya wenzake kama viti vyote saba ni vya dada yake. Angenitetea, wangesema anawalisha ndugu zake kwa mali ya umma. Akanyoosha mkono.

Hao wakubwa nao wana lao la kujibu. Hakuna hata mmoja aliyeshuka sokoni Jumamosi akaiona foleni kwa macho yake. Lakini mimi niliwaachia nini cha kusoma?

Nilizunguka siku mbili kwa magongo nikikusanya majina. Nikapata arobaini na matatu. Karani wa halmashauri hakuyafungua hata. Akasema kura imeshapita, mama.

Siku walipokuja kubeba viti, fundi saa alikuwa pale. Nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Si wewe ulisema tusiandike?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. Akageuza magongo yake, akaondoka polepole, na kikapu chake kitupu shingoni.

Mama Funguo akaniomba nisaini mstari wa mwisho, kuthibitisha viti vimetoka. Nikaandika jina langu kwa mkono wangu. Mara ya kwanza. Lile neno la juu ya ukurasa bado liliuma, lakini ningeweza kulikata kwa kalamu na kuandika "mteja". Wazo hilo lilikuja siku hiyo, viti vikiwa juu ya lori.

Ndugu zangu, ukiona karatasi inakudhalilisha, pigana nayo. Ila jina lako liache humo ndani, na usiwafutie wenzako majina yao ili wewe ujione mkubwa.

Kaka nilimwomba radhi. Alisema yameisha, lakini Jumamosi haji tena. Anamtuma wifi aniletee vya sokoni.

Jana kaniletea nyanya. Zimebonyea. Nimesema asante.