Siku Mia na Ishirini

Peugeot 404 nyeupe ilikuwa mbele kwa nusu maili.

Erastus Barasa alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Land Rover haikujali. Ilikuwa gari iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni pamoja na kikohozi chake, na sasa, mwaka wa tatu wa Uhuru, ilipanda kilima kwa mwendo wa mjane anayetoka matangani.

Redio ya Pye ikakwaruza.

"Panga Mbili, hapa Makao. Uko wapi?"

"Barabara ya Malava. Namwona."

"Mkamate kabla ya mpaka wa Uganda. Chupa zirudi nzima, zikiwa baridi. Ndege inaondoka Kakamega saa tisa. Una silaha?"

Barasa aliitazama bastola yake ya Walther kitini. Risasi nne. Goti moja bovu. Umri, miaka arobaini na tisa.

"Zinatosha," alisema, akazima redio.

Alikuwa ametumwa kulinda chupa hizo za damu. Alifika maabara akiwa amechelewa dakika kumi. Dirisha lilikuwa limevunjwa, na mwanamke mmoja alikuwa amesimama uani akipiga kelele kwamba amemwona Mzungu akikimbia na sanduku la barafu. Mwanamke huyo alikuwa Zeituni binti Usman, muuza vitumbua wa Mumias. Sasa alikuwa kiti cha nyuma. Hakuna aliyemwalika.

Kando ya Barasa alikaa Roda Kageha, mtaalamu wa maabara, amekumbatia mkoba wake.

"Nieleze tena," Barasa alisema. "Polepole. Mimi niliishia darasa la sita."

"Chembe nyekundu ya damu inaishi siku mia na ishirini," Roda alisema. "Haina kiini ndani, kwa hivyo ikichakaa haiwezi kujitengeneza. Inazunguka tu mwilini, inabeba hewa, inazunguka. Siku moja bandama inatambua kwamba imechoka, inaiondoa."

"Inastaafu."

"Inakufa, Bwana Barasa."

"Ni hayo hayo. Mimi niko kazini mwaka wa ishirini na saba na hakuna bandama iliyonitambua."

Roda hakucheka. "Kuna watu wamezaliwa chembe zao zikikosa kinga fulani. Wanaishi vizuri tu. Lakini wakimeza Medokwin, chembe zinapasuka kwa siku mbili tatu."

Medokwin ilikuwa dawa mpya ya malaria. Mwakilishi wa kampuni yake, Mzungu aitwaye Dolman, ndiye aliyekuwa ndani ya Peugeot.

"Wallahi nilikojoa maji meusi kama kahawa," Zeituni alisema kutoka nyuma. "Nikasema basi, Mungu ananiita."

"Na huyu ni mtu mzima," Roda alisema. "Jumatatu wanagawa hivyo vidonge kwa shule zote za Mumias na Matungu. Watoto wa darasa la kwanza."

Watu kumi na wawili wenye chembe za namna hiyo walikuwa wametoa damu. Chupa kumi na mbili. Wakubwa wa Nairobi hawakutaka barua za mtu wa maabara. Walitaka damu yenyewe waipime. Bila chupa, vidonge vingegawiwa.

Peugeot ikapotea kwenye kona.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Malava. Walipotokea juu ya kilima, Barasa aliiona gari nyeupe katikati ya watu, ikipiga honi, ikipasua njia kati ya mikokoteni ya miwa. Yadi mia nyingine na ingekuwa huru, barabara nyeupe mbele yake mpaka Broderick Falls.

Alivuta kipaza sauti cha betri kutoka chini ya kiti.

Roda akamshika mkono. "Usiseme hilo neno."

"Neno gani?"

"Unalijua. Miaka miwili nimetembea boma kwa boma. Wamenifungulia mbwa. Watu wanaogopanga sindano yangu kama kifo, na sasa ndio wameanza kuniamini. Ukilisema, hakuna mtu atanipa mkono wake tena."

Barasa alimtazama. Aliona aibu, na uchovu ukazidi aibu. Peugeot ilikuwa imebakiwa na mkokoteni mmoja.

Jumatatu.

Alilisema.

"Kachinja! Gari nyeupe! Imebeba damu ya watu!"

Kachinja ni mumiani wa huku: mtu wa kwenye gari anayenyonya damu ya wapita njia akaiuze ng'ambo. Hakuna aliyewahi kumwona. Hakuna anayehitaji kumwona.

Soko zima likasimama.

Mikokoteni ikasukumwa barabarani. Viti, magunia, hata meza ya fundi cherehani. Peugeot ikagonga miwa na kuzimika. Dolman akatoka na bastola mkononi, uso umemwiva.

Barasa alimfikia akichechemea.

"Weka chini, Bwana Dolman. Una risasi sita. Hawa ni mia tatu."

Dolman aliweka chini. Alipofungwa pingu alikaribia kusema ahsante.

Lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Buti ya gari ilikuwa imefunguliwa. Mtu aliinua chupa juu, nyekundu kwenye jua, na watu wakapiga yowe.

"Damu ni hii!"

"Choma! Choma na gari!"

Debe la mafuta ya taa likaletwa. Barasa alifyatua Walther hewani. Hakuna aliyegeuka.

"Assalam aleikum!"

Zeituni alikuwa amepenya mpaka kwenye buti, leso imemteleza kichwani.

"Nani anataka kuchoma damu yangu?"

Mwenye debe akasita. Zeituni akamnyang'anya chupa yule aliyeiinua.

"Someni hapa. Zeituni binti Usman. Hii ingine ni ya Husseini, mjomba wangu. Nilitoa mwenyewe, kwa mkono wangu. Wewe na debe lako, ukichoma damu yangu, nikianguka kesho utajibu nini kwa watu wetu?"

Damu ya mtu haichezewi, ina mwenyewe. Debe likashuka. Wakampa sanduku, barafu bado inalia ndani.

Barasa akanyoosha mkono. "Mama, ndege inangoja."

Zeituni hakutoa.

"Wewe mzee ndio uliita kachinja."

"Ndiyo."

"Na ulijua ni uongo."

"Nilijua."

"Sasa huyu binti nani atampa mkono?" Alimwonyesha Roda, aliyekuwa akilia bila kujificha. "Alhamisi ijayo utakuja hapa. Utatolewa damu mbele ya hawa wote. Halafu utembee, watu waone kama umekwisha."

"Nitakuja."

"Apa."

Akaapa. Ndipo alipopewa sanduku.

Jumamosi redio iliita.

"Panga Mbili. Vidonge vimezuiwa. Kazi nzuri. Rudi Nairobi."

"Nina kazi Alhamisi."

"Kazi gani? Sisi hatujakupa."

Akazima.

Alhamisi Roda aliweka meza kando ya barabara, kwenye baraza la duka. Watu walisimama mbali. Barasa aliketi, akakunja mkono wa shati. Alikuwa amepigwa risasi mara mbili maishani, lakini sindano ilipokuja aliangalia kando.

"Hizi chembe changa kabisa," Roda alimwambia polepole, akijaza chupa, "zina siku mia na ishirini mbele yake."

"Ziambie zisikubali kazi ya serikali."

Safari hii alicheka.

Land Rover ilikuwa imeegeshwa mwisho wa soko. Zeituni ndiye aliyechagua mahali. Barasa alisimama. Goti likalia. Kichwa kilikuwa chepesi, na macho ya watu mia tatu yalingoja aanguke.

Akavaa kofia, akaanza kutembea. Polepole, bila kuchechemea, pamba mkononi. Alisimama kwa mama wa ndizi akauliza bei. Akala moja hapo hapo, akaendelea.

Nyuma yake alisikia kiti kikivutwa, na sauti ya mwanamke asiyemjua.

"Haya basi. Lakini usichukue nyingi."

Barasa hakugeuka. Alifungua mlango wa gari, akaingia, akaufunga. Hapo tu, mahali ambapo hakuna aliyemwona, ndipo alipoegemeza kichwa kwenye usukani.