Saa ya Marehemu

Yalimkuta shoga yangu mshonaji, akaniapisha nisiseme. Basi nanyi msiseme. Marehemu mumewe alikuwa na saa ya dijitali ya plastiki, rahisi kuliko sabuni, wala hakuivua hata akioga. Alipofariki, shoga aliifungia sandukuni, stoo.

Siku mchumba mpya alipokuja kusikia jibu la posa yake, shoga aliingia stoo ile isiyo na dirisha kuchukua vikombe.

“Harakisha, bi harusi, bwana asije akatoroka!” nikamtania mlangoni.

“Nyamaza, kizee! Leo namkubali.”

Papo hapo sanduku likalia gizani: pii-pii, pii-pii. Kisha kimya. Kwenye tundu la ufunguo la sanduku pakatokea mwanga wa kijani.

Taa ya saa ile huwaka pale tu kidole kinapobonyeza kitufe. Mwanga haukuzimika mpaka shoga aliponong'ona, “Basi, simtaki.”