Jicho Lililokuwa Sebuleni

Ndugu zangu, msidhani mambo haya hutokea mbali. Haya yalitokea hapa Mandewa, nyumbani kwa Mathayo, fundi umeme, na mkewe Belinda. Kila Jumapili baada ya ibada walikaa sebuleni wakaangalia muvi kwenye kompyuta, Belinda akimnyonyesha mtoto. Nyumba ilikuwa na amani.

Mathayo alipenda gemu la mpira. La halali lilimshinda bei, akapakua la wizi. Maelekezo yalimtaka azime kwanza kinga ya virusi. Akaizima, wala hakumwambia mkewe.

Wiki ya pili ukaingia ujumbe kwenye simu yake, wenye picha. Ilikuwa ya Belinda, kwenye kochi lao, kifua wazi, ananyonyesha. Chini yake: "Ninazo nyingi. Peleka kompyuta chumbani uiache imewashwa, la sivyo kanisa lenu lote litaziona."

Mathayo alielewa kwamba gemu lile lilimwingiza mtu ndani ya kompyuta, na kwamba kamera yake ilikuwa ikiwaangalia siku zote hizo.

Fundi mmoja wa mjini alimweleza habari za Linux, mfumo huria wa kompyuta usiolipiwa, unaocheza muvi na magemu mengi. Mathayo akafuta kila kitu, akauweka. Kompyuta ikawa nyepesi. Mkewe alipouliza sababu, alijibu kwamba mfumo huo unafaa kwa gemu.

Kesho yake ukaja ujumbe mwingine: "Umefunga mlango, lakini picha na namba zenu za simu nilishatoka nazo."

Tangu hapo kila simu ilipolia, Mathayo alishtuka. Akamkataza Belinda kwenda kwaya, bila sababu. Belinda akaamini mumewe ana mwanamke mwingine, akafunga nguo zake ili arudi kwao Misigiri. Hapo ndipo Mathayo alipomwonyesha simu.

Belinda alijifunika khanga kifuani, ingawa alikuwa amevaa gauni.

"Umejua tangu lini?"

"Siku kumi na moja."

"Siku kumi na moja nalala na wewe, unajua kuna mtu ananiona, unanyamaza?"



Siku hiyohiyo Belinda alikwenda kwa mama mchungaji, Klara, akampa shikamoo, akamweleza yote. Wakaongozana polisi na ile simu. Jumamosi picha zilitumwa kweli kwenye kundi la kwaya la kwenye simu. Akina mama walizifuta, kisha wakaja nyumbani kwake na unga na sukari, wakakaa naye hadi jioni. Aliyezituma hajapatikana hadi leo. Baadaye Belinda alikwenda kwao Misigiri, akakaa miezi miwili kabla ya kumrudia mumewe.

FUNZO

Linux ni nzuri, na mimi mwenyewe naitumia. Lakini hakuna mfumo unaorudisha kilichokwisha kuibwa. Usizime kinga kwa ajili ya kitu cha wizi. Na ukikosea, mwambie mwenzako siku ileile. Mhalifu alitegemea ukimya wa Mathayo. Belinda aliposema, mhalifu huyo hakubaki na kitu cha kumtishia.