Pumzi Katika Bomba

Saa kumi na moja kasorobo jioni nilitoka nje kuchomeka waya wa gari kwenye umeme. Hapa Manitoba, mwezi wa Januari, usipochomeka, injini huganda na asubuhi huna gari. Jua lilikuwa limezama. Upepo wa kaskazini ulikuwa umeifunga barabara kwa theluji tangu mchana.

Nilikuwa nimeinama nilipoisikia.

Pumzi.

Ilitoka ukutani, kwenye mabomba mawili meupe ya tanuri linalopasha nyumba yetu joto. Bomba moja huvuta hewa, jingine hutoa mvuke. Lakini tanuri halikuwa linawaka. Nilijua, kwa sababu mvuke haukuwapo.

Nikarudi ndani mbio. Kidude cha ukutani kinachopima na kuongoza joto nilikuwa nimekiweka nyuzi ishirini na moja. Kilisoma kumi na sita.

Mtoto wetu wa miezi minane alikuwa anaugua kichomi. Tulikuwa tumetoka hospitali juzi yake, na daktari alinipa onyo moja tu: asipigwe na baridi. Mume wangu, Myron, alikuwa njiani kaskazini na lori, hapatikani mpaka Jumapili. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri.

Nikampigia simu Lorne, fundi wa matanuri.

"Orysia, barabara imefungwa," alisema. "Leo fundi ni wewe."

"Mimi siwezi, Lorne."

"Mkate unaoka? Basi hilo nalo ni jiko tu, lina kiburi zaidi. Shuka chini, na simu usiikate."

Nikashuka hadi chumba cha chini ya nyumba. Nikachomoa chujio la hewa. Lilikuwa safi.

"Kuna taa nyekundu kwenye kidirisha cha tanuri. Inameta mara ngapi?"

"Tatu. Inatulia. Halafu tatu tena."

"Hewa haipiti. Bomba limeziba huko nje. Vaa makoti yote ya mumeo ukalizibue. Na usinililie, mimi nina wa kwangu wa kunililia."

Nilitoka na tochi na mwiko wa mbao. Bomba la kuvuta hewa lilikuwa limejaa barafu nyeupe, laini kama shavu. Nikaigonga. Ikatoka nzima, ikaniangukia mkononi. Nikaigeuza.

Upande wa ndani kulikuwa na shimo dogo. Lilikuwa na midomo.

Nikaitupa kwenye theluji.

Ndani, tanuri likaanza. Feni ndogo ikaunguruma... tik, tik, tik... vuu! Moto. Hewa ya joto ikapanda kwenye matundu ya sakafuni. Nikasogeza kitanda cha mtoto karibu, nikamshukuru Mungu.

Dakika kumi na tano.

Kisha kimya.

Nikatoka tena. Barafu ile ile, midomo ile ile. Nikaing'oa. Tanuri likawaka. Likazimika. Mara ya tatu kidude kilisoma nyuzi kumi na mbili. Nilifungua mlango wa jiko la kuokea ili angalau jikoni pawe na uvuguvugu, lakini mtoto alikuwa amekwisha kuanza kukohoa. Niliangalia vidole vyake. Kucha zilikuwa na rangi ya samawati.

Nikashuka chini kuhesabu ile taa tena. Nikasikia harufu ya manyoya ya kondoo yaliyoloa. Sisi hatuna kondoo.

Bomba likanong'ona.

"Baridi..."

Mkono wangu ulibaki hewani.

"Orysia... baridi huku nje..."

Sikumbuki jinsi nilivyopanda ngazi. Nilimpigia Bibi Stefka, shangazi yake baba mkwe wangu. Yeye alizaliwa ndani ya nyumba hii, wakati ilipokuwa bado shambani. Mwezi wa Septemba tuliing'oa, tukaipakia nzima juu ya lori kubwa, tukaileta kilomita arobaini hadi hapa kando ya mji. Watu wengi wa huku hufanya hivyo. Jiko la zamani la matofali halikubebeka. Tuliliacha shambani, tukaweka tanuri la gesi.

Nilimweleza yote.

"Mlipohama, mlimbeba wa nyuma ya jiko?"

"Nani, bibi?"

"Mzee wa nyumba, pepo wake mlinzi! Kila nyumba yetu inaye. Mama yangu alivuka bahari naye kutoka Ukraine. Kumbe mmebeba hadi choo mkamwacha yeye? Huyo Myron ana akili ya kuvuta trela tu!"

"Bibi, mtoto anaganda. Nifanye nini?"

"Mzee hukaribishwa. Huambiwa, ingia, nyumba ni yako. Lakini nisikilize vizuri, binti yangu, kwanza ni lazima..."

Mtoto alikohoa. Kisha akaacha kukohoa.

Nikaiangusha simu. Nilimwinua, nikampulizia usoni, nikamsugua mgongo. Akavuta hewa, kwa shida, kama mtu anayevuta kamba ndefu. Sikuweza kusubiri maneno mengine. Nikamfunga kifuani ndani ya koti, nikafungua mlango wa mbele.

Giza na upepo. Hakuna mtu.

"Uliye nje," nilisema, "ingia. Nyumba ni yako."

Upepo ukakoma.

Kitu cha baridi kikapita chini, kikagusa vifundo vya miguu yangu. Harufu ya manyoya. Nikasikia ngazi za chini zikilia, moja moja, polepole... kama mzee anayeshuka akiwa ameshika ukuta.

Vuu!

Tanuri likawaka. Halikuzimika. Baada ya saa moja kidude kilisoma ishirini na moja. Vidole vya mtoto vilirudia rangi yake, akanyonya, akalala.

Simu ikalia. Alikuwa Bibi Stefka.

"Mbona umeniacha? Nilitaka kukwambia, usimwite hapo mlangoni. Wetu hatembei. Hufuatwa shambani, kwenye jiko lake, akabebwa ndani ya kiatu cha zamani. Ndiyo kazi ya kwanza."

"Lakini alikuwa kwenye bomba, bibi. Aliniita jina."

"Wetu yuko shambani. Stanko, mdogo wangu, alipita kule juzi. Yale matofali yamekaa kwenye theluji, na bado yana joto."

Nikautazama mlango wa kwenda chini.

"Orysia. Ulimwambia nini huyo?"

"Nilimwambia... nyumba ni yako."

"Ee, mwanangu."

Asubuhi barabara ilifunguliwa, Lorne akaja. Alinionyesha kosa: mabomba mawili yamewekwa karibu mno, mvuke wa moja unavutwa na jingine na kuganda. Kitu cha kawaida kabisa, alisema, angefunga kiwiko cha bomba cha kuugeuza mvuke. Nilitaka sana kumwamini. Alishuka chini na mfuko wake wa vifaa, akapanda haraka kuliko alivyoshuka.

"Yule mzee wenu ni mkali," alisema. "Nimemsalimu, akaniambia nisiguse. Mwambieni asilale karibu namna ile na moto, ataungua."

Bibi Stefka alikwisha kunieleza namna ya kumtoa. Kuzima tanuri, kufungua milango na madirisha yote, na kusubiri mpaka maji yagande kwenye ndoo. Atatoka mwenyewe kutafuta joto kwingine. Nilimtazama mtoto. Mashavu yalikuwa mekundu, kifua kimetulia. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri.

Sikuzima.

Nilikata kipande cha mkate wa shayiri nyeusi, nikanyunyiza chumvi, nikakipeleka chini. Nilikiweka sakafuni mbele ya tanuri bila kuangalia nyuma yake. Nilikuwa ngazi ya pili kurudi juu aliponiuliza, kwa upole kabisa:

"Na mtoto anaitwa nani?"

Sikumjibu. Huuliza kila jioni, kupitia tundu la sakafuni lililo karibu na kitanda. Ni mwezi wa Machi sasa. Humu ndani mimi na Myron tunamwita mtoto wetu "wewe" tu, na nyumba ina joto.